Dawa ya Akili na Dhamana ya Mwili

Katika darsa yetu ya Alkhamisi mmoja wa ndugu zetu aliniletea swali lililoandikwa juu ya karatasi iliyokunjwa mara nne, akaniomba nisilisome mbele ya watu. Nimepata ruhusa yake kulieleza hapa bila ya kutaja jina wala mtaa, kwani najua kuwa si nyumba yake peke yake iliyo na swali hili.

Dada yake alishikwa na maradhi ya akili miaka mitatu iliyopita. Alikuwa akisikia sauti zikimtukana, usingizi umemruka, na akiwatuhumu watu wa nyumbani kuwa wamtilia kitu katika chakula. Walipokwisha kuzunguka kwa waganga (na pesa zilizoteketea huko ni maneno ya siku nyengine), walimpeleka hospitali akapewa vidonge vya olanzapini. Baada ya wiki chache zile sauti zilinyamaza. Alirudi kusali kwa wakati wake, akarudi kwenye cherehani yake, akacheka na watoto. Lakini alipoanza alikuwa na kilo 58, na sasa ana 91, na katika mwezi wa Rajabu daktari mwengine alimwambia kuwa ana kisukari. Akasema: "Basi. Dawa hii siinywi tena." Mama yao, ambaye bado aukumbuka usiku wa makelele na visu vilivyofichwa uvunguni, alikata shauri peke yake. Kila asubuhi hukisaga kidonge kwa mgongo wa kijiko, akakitia katika kikombe cha chai ya maziwa cha binti yake, akazidisha sukari ili ladha isijulikane. Ndugu yetu auliza: Je, yafaa?

Miaka saba iliyopita ningalimjibu bila ya kuinua macho: mama ni mama, dawa ni dawa, na aliyepungukiwa na akili huongozwa na walio nazo. Lakini tangu wakati ule limenipita jambo lililonifunza kunyamaza kabla ya kujibu, nami nitalieleza mahali pake. Kwanza natuitazame dawa yenyewe, kwani kukihukumu kitu ni tawi la kukijua.

Hadi katikati ya karne ya ishirini mgonjwa wa akili alikuwa na mlango na kufuli. Hospitali yetu ya Mathari, pale Nairobi, ilipoanza mwaka 1910 ilikuwa nyumba ya kuwaweka wendawazimu mbali na watu, na hakukuwa na mengi ya kuwatibu. Mwaka 1952 katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, matabibu Jean Delay na Pierre Deniker walianza kuwapa wagonjwa dawa iitwayo klopromazini, na watu waliokuwa wakipiga makelele kwa miaka wakaanza kuzungumza na jamaa zao. Hiyo ilikuwa neema, wala asiitie kasoro asiyepata kuona mtu amefungwa mnyororo kwenye mti wa mwembe. Lakini dawa hizo za kwanza ziliwakakamaza watu viungo na kuwatetemesha mikono, na kwa ajili ya kuikimbia khatari hiyo zilitafutwa nyengine: klozapini, kisha risperidoni, na mwaka 1996 ikaruhusiwa olanzapini huko Marekani. Mtetemeko ulipungua. Uzito ukapanda, na nyuma ya uzito yakaja kisukari, mafuta mabaya katika damu, na presha.

Mambo haya si uvumi wa barazani. Mwaka 2003 wakuu wa dawa wa Marekani waliwalazimisha watengenezaji wa dawa hizi mpya kuandika juu yake onyo la kisukari. Mwaka 2005 ulitangazwa uchunguzi mkubwa uliofanywa nchini humo kwa wagonjwa 1,493, na ikaonekana kuwa waliopewa olanzapini walizidi, kwa wastani, karibu kilo moja kila mwezi. Mwaka 2009 madaktari wa New York walieleza khabari ya watoto na vijana 272, wa miaka 4 hadi 19, ambao hawakupata kunywa dawa za namna hii kabla yake: kwa muda wa wiki 11 hivi, waliokunywa olanzapini walizidi kilo 8.5 kwa wastani, na wenzao wasiokunywa dawa walizidi gramu 200 tu. Kilo nane na nusu katika mwili wa mtoto! Na mwaka huo huo wa 2009 kampuni ya Eli Lilly, iliyoitengeneza olanzapini, ilikiri kosa la kuitangaza dawa hiyo kwa matumizi ambayo haikuruhusiwa, ikakubali kulipa dola milioni 1,415. Msomaji apime mwenyewe kama biashara ya namna hiyo ilikuwa na haraka ya kuueleza ulimwengu khabari za mizani.

Yapasa nieleze vipi dawa inavyofanya haya, kwani hapa ndipo penye shina la maneno yangu. Mtu akila, mwili hupeleka khabari katika ubongo kuwa chakula kimetosha, na khabari hiyo ndiyo tuiitayo shibe. Dawa hizi, pamoja na kufunga ile milango ya ubongo ambayo sauti za maradhi hupitia, hufunga na milango mengine isiyokusudiwa, na mmojawapo ni ule ambao shibe hupitia. Mgonjwa ala sahani nzima ya wali, na ubongo wake wamwambia kuwa hajala. Tena baadhi ya dawa hizi zaharibu kazi ya insulini yenyewe, hata huonekana mtu ambaye hakunenepa sana na sukari imempanda. Si dawa zote zilizo sawa: klozapini na olanzapini ndizo nzito kwa jambo hili, kwetiapini na risperidoni zafuata, na aripiprazoli ni nyepesi zaidi. Wala si watu wote walio sawa. Na insafu yataka niseme kuwa lawama yote si ya dawa. Henry Maudsley, tabibu wa Kiingereza, alikwisha kuandika mwaka 1879, kabla ya kuzaliwa vidonge hivi, kuwa kisukari huonekana katika jamaa ambazo wazimu umo ndani yake. Ufukara, sigara na kukaa ndani kutwa vina fungu lao.

Sasa nitalieleza langu.

Kijana mmoja niliyemsomesha tangu alif na be alishikwa na maradhi haya alipokuwa na miaka kumi na tisa. Alipotoka hospitali alikataa vidonge. Mama yake alinijia nyumbani jioni, akakaa juu ya kizingiti hataki kuingia, akaniambia: "Sheikh, wewe akusikia. Mwambie anywe dawa." Nikamwambia. Sikumwomba wala sikumshauri. Nilitumia neno wajibu, nikampangia aya na khabari mpaka akainamisha kichwa. Akanitii, na kwa mwezi mmoja akawa mtu mzima. Watu walinishukuru, nami nilifurahi kwa kushukuriwa.

Mwezi wa nne alinijia baada ya Alasiri, akangoja mpaka watu wametawanyika, akasema kwa haya: "Sheikh, nala na sishibi. Jana nimekula mkate wa watoto wa dada yangu, wote, na wao walikuwa hawajaamka." Mola anisamehe, nilimpa mawaidha ya ulafi. Nilimweleza habari za tumbo na shetani, nikamwambia afunge Jumatatu na Alkhamisi. Akafunga. Akija kufuturu akila kwa machozi, na mama yake akimtazama kwa furaha. Kwani kwetu pwani unene una sifa. Mtu aliyekonda huulizwa ana nini, na aliyenenepa huambiwa mashaallah, dawa imemkubali. Wote tulimwambia mashaallah. Hapana katika sisi aliyemwuliza nguo zake zamtosha au hazimtoshi, na wala hapana aliyeona kuwa kanzu aliyovaa Idi ilikuwa ya marehemu baba yake.

Kila mwezi alikwenda kliniki kuchukua vidonge vyake. Huko alikuwa akiulizwa kama asikia sauti. Akijibu la, huandikiwa vyengine. Mizani ilikuwapo pembeni mwa chumba, naye aliniambia baadaye kuwa juu yake paliwekwa mafaili.

Katika mwaka wa pili alikutwa juu ya mkeka, ulimi umekauka kama kigae, hamjui aliye mbele yake. Siku tatu alikuwa akinywa maji na kwenda chooni, akinywa maji na kwenda chooni. Majirani walisema wazimu umerudi. Niliitwa nimsomee, nikamsomea, na hata nilipomaliza sikufikiri kitu chengine. Shangazi yake, aliyekuwa na kisukari miaka mingi, ndiye aliyeinusa pumzi yake akasema: "Huyu ana sukari." Hospitalini kile kipimo cha kidole hakikuweza kuonyesha hesabu, kilionyesha tu kuwa imepita juu ya kiasi kinachoweza kusomwa.

Aliishi, alhamdulillahi. Nilipokwenda kumtazama, akili yake i timamu na mrija u mkononi, aliniuliza swali moja: "Sheikh, ile njaa ilikuwa yangu au ya dawa?"

Nimesoma vitabu vya usuli na vya akhlaki, na nimesikia majadiliano ya wanavyuoni juu ya hiari ya mja, na sikupata kuulizwa swali la hiari lililokuwa zito kuliko hilo. Mtu akisema njaa ile yote ilikuwa ya dawa, amemfanya kijana kuwa jiwe lisukumwalo, na yeye si jiwe; ziko siku alizojizuia, na jasho la kujizuia kule alilitoa yeye. Mtu akisema njaa yote ilikuwa yake, basi amesema uwongo mbaya zaidi, nao ndio uwongo nilioufundisha mimi. Njaa hakuiita. Iliwekwa ndani yake na kitu kilichotoka nje yake, na kitu kile hakukitaka. Alikikubali kwa sababu watu anaowaheshimu walimkalia kitako. Mchukuzi wa bandarini akitwikwa gunia la kilo mia akapepesuka, mpita njia hatamwuliza kwa nini hatembei sawasawa. Atauliza: nani aliyemtwika?

Mimi ndimi niliyemtwika. Hili ndilo nililolifahamu pale kitandani, na ndilo nitakalo ndugu zangu walifikiri. Amwambiaye mwenzake "kunywa" hakutoa neno tu, amechukua dhamana. Na wanavyuoni wetu wa fikihi hawakulidharau jambo hili: wamesema kuwa mtu ajitiaye katika utabibu bila ya kujua utabibu, kisha akadhuru, yampasa dhamana ya alichokiharibu. Siku zote nikiifundisha mas'ala hiyo nilikuwa nikimfikiri mganga wa mitishamba na mpiga chuku. Sikujifikiri mimi, niliyemwandikia mwenye kisukari kisichojulikana kufunga siku mbili kwa wiki.

Nalikuwa na pupa ya kumaliza jambo. Na kama nikisema kweli, niliyemtibu siku ile alikuwa mama yake, na jirani zake, na mimi mwenyewe niliyechoka kubishiwa hodi usiku. Nyumba ikinyamaza, sote twasema mgonjwa amepona, na tangu hapo hatumtazami tena. Kimya chake ndiyo malipo yetu, na mwili wake ndio uliolipa. Sisemi kuwa utulivu wa nyumba si kitu. Ni kitu kikubwa, na mama ana haki ya kulala. Lakini haki yake ya kulala haimpi ruhusa ya kufumba macho akiamka.

Hapa atasimama mtu wa pili, naye namjua kwa sauti: "Tulisema sisi! Dawa za kizungu ni sumu, zitupwe." La hasha. Yule kijana alikwisha kuzitupa mara moja, kabla sijamkalia kitako, na katika wiki tatu alikuwa juu ya paa akizungumza na minara. Kuziacha ghafla ni khatari kubwa, na arudiwaye na maradhi haya mara kwa mara huenda asirudi alipokuwa. Tena ni vibaya kusema kuwa dawa zaondoa umri tu. Huko Finland zilichunguzwa rekodi za wagonjwa 66,881 wa skizofrenia, na matokeo yalipotangazwa mwaka 2009 ikaonekana kuwa waliokunywa dawa kwa muda mrefu walikufa wachache kuliko wasiokunywa kabisa. Na waliokufa wachache kupita wote ni wanywaji wa klozapini, ile ile iliyo nzito kwa sukari na uzito. Watu waliouliza "Je, dawa ni nzuri au mbaya?" hawakupata jibu jepesi kwa sababu swali lenyewe ni bovu. Maradhi yana madhara, na dawa ina madhara, na kanuni yetu katika mizani ya madhara mawili ni kuchukua lililo dogo ili kulikinga kubwa. Lakini watu huisahau nusu ya pili ya kanuni hiyo: lile dogo ulilolichukua limekuwa juu yako, na ni lako kulipunguza kwa kadiri uwezavyo. Hukuruhusiwa kulichukua kisha ukalitupa mgongoni mwa mgonjwa ukaenda zako.

Na kulipunguza kwawezekana. Hilo ndilo linaloumiza. Tazama khabari ya klozapini. Mwaka 1975 huko Finland wagonjwa kadhaa waliokuwa wakiinywa walikufa baada ya dawa kuziangamiza chembe nyeupe za damu yao. Dawa ikatiwa khofu, ikaondolewa katika nchi nyingi. Iliporuhusiwa Marekani mwaka 1989 iliwekewa sharti ngumu: asiyepimwa damu hapewi dawa, na mwanzoni kila wiki. Madaktari walitii, wafamasia walitii, na watu wakaokoka. Sasa linganisha. Mwaka 2004 vyama vya madaktari wa kisukari na wa maradhi ya akili huko Marekani walikutana wakakubaliana kuwa kila anywaye dawa hizi mpya apimwe uzito anapoanza, kisha wiki ya nne, ya nane na ya kumi na mbili, kisha kila miezi mitatu. Na sukari na presha anapoanza, wiki ya kumi na mbili, na kila mwaka baadaye. Ni mizani na tone la damu. Lakini hili halikufanywa sharti. Lilikuwa shauri, na shauri lina desturi ya kuwekewa mafaili juu yake. Kwa nini? Hakuna sababu ila kwamba chembe nyeupe huua kwa wiki, na sukari huua kwa miaka ishirini, na mtu afaye polepole hafi mikononi mwa mtu yeyote. Shirika la Afya Duniani lasema kuwa watu wenye maradhi makubwa ya akili hufa miaka 10 hadi 20 kabla ya wenzao, na wengi wao huuawa na maradhi ya mwili ambayo yangezuiliwa. Moyo, sukari, mapafu. Si wazimu.

Nastaajabu kuwa sisi tumelisahau jambo ambalo wenzetu wa zamani walilijua. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alitunga kitabu kizima juu ya maslaha ya miili na nafsi, akavitia vyote viwili ndani ya jalada moja, akafundisha kuwa mwili ukiugua nafsi huumia nao, na nafsi ikiugua mwili huumia nayo. Na leo mgonjwa wetu ana daktari wa akili jengo hili na daktari wa sukari jengo lile, na mtu pekee ayajuaye majengo yote mawili ni yeye mwenyewe, ambaye tumekwisha kukubaliana kuwa maneno yake hayasikilizwi.

Sasa nakuja katika kikombe cha chai.

Nimemwambia ndugu yetu kuwa haifai, na sababu yangu ya kwanza si ile atakayoidhania msomaji. Ya kwanza ni kuwa dada yake alisema kweli. Alisema dawa hii yamharibu mwili, na dawa hii yamharibu mwili. Daktari amepima na karatasi iko. Mgonjwa wa akili anaposema sauti zamtukana, twajua ni maradhi yasemayo. Anaposema kilo zimepanda na sukari imeingia, ni akili iisemayo, ile akili tuliyomtafutia dawa ili irudi. Imerudi, ikasema neno lake la kwanza la busara, nasi tukalifunga kinywa kwa sababu halikutupendeza.

Ya pili yatisha zaidi. Alipokuwa mgonjwa aliwatuhumu kuwa wamtilia kitu katika chakula, nao wakamwapia kuwa si kweli, na haikuwa kweli. Leo ni kweli. Mama kwa huruma yake ameithibitisha tuhuma ya wazimu. Siku atakapoikuta chenga nyeupe chini ya kikombe, nani atakayemwambia tena kuwa maradhi yalimdanganya, na yeye akasadiki?

Na ya tatu ni ile niliyofunzwa na kijana wangu. Anywaye dawa kwa kujua, njaa ikimjia huweza kusema: hii ni dawa. Aweza kupigana nayo, aweza kuinyima, aweza kwenda kwa daktari akaishtaki. Huyu dada adhani ameacha dawa. Njaa ikimjia atasema: hii ni mimi. Atajiona mlafi asiye na haya, na uzito usiposhuka atajilaumu usiku, na hapana nyumbani atakayemwokoa na lawama hiyo kwa sababu wote wanaojua siri wanaogopa kuitoa. Na juu ya hayo mtu mwenye kisukari anyweshwa sukari zaidi ili asigundue kinachomzidishia sukari.

Mtu ataniambia: "Sheikh hajalala katika nyumba yenye mgonjwa." Ni kweli, na simlaumu yule mama, nimejieleza mimi nilivyokuwa, naye ana udhuru kuliko wangu. Ziko saa ambazo mtu ameghibu na akili yake kabisa, ashika kisu, na hapana nafasi ya kushauriana. Saa hizo alazimishwe, lakini waziwazi, na wajuao kazi, na kwa njia ya sheria. Sheria ya Afya ya Akili ya nchi yetu ilirekebishwa mwaka 2022 ikakaza haki ya mgonjwa kuelezwa matibabu na kuridhia, na kwa asiyeweza kuridhia imeweka utaratibu. Kulazimishwa waziwazi kuna mtu wa kuulizwa baadaye. Kijiko cha jikoni hakina. Na dada huyu hayuko katika saa hizo. Ashona nguo za watu.

Niliyomshauri ndugu yetu ni haya. Mama aache, na amwambie binti yake kuwa aliyafanya, ijapokuwa atakasirika, kwani atakasirika zaidi akijua kwa njia nyengine. Na amwambie siku ya miadi, si kabla, ili daktari awe karibu na dawa isikatike bila ya mtu kujua. Wende naye wote wawili, yeye mbele na wao nyuma, aseme kwa kinywa chake. Wamwulize daktari kama iko dawa nyepesi atakayoweza kuhamia kidogo kidogo, au kipimo kiweza kupunguzwa. Kama yafaa aanzishiwe metformini, ambayo matabibu wengi hutoa pamoja na dawa hizi. Na nani atakayempima, na lini, na wapi patakapoandikwa. Kama mizani imewekewa mafaili, wayaondoe mafaili. Naye akisema baada ya kuelezwa yote kuwa hataki kidonge kabisa, basi hilo walizungumze na daktari kama jambo la mtu mzima, pamoja na dalili gani zikirudi nani aitwe, na ayakubali hayo mapema akili yake ikiwapo. Na nyumbani: sukari iondoke katika chai ya wote, si katika kikombe chake tu. Nimeona nyumba ambazo mgonjwa alikatazwa halua, na wenziwe wakaila mbele yake, wakamwita hana subira. Kama wao wataka anywe dawa kwa ajili ya usingizi wao, basi na wao wanywe chai kavu kwa ajili ya sukari yake.

Ndugu yetu aliikunja tena karatasi yake, akaniuliza kama mimi niko tayari kwenda kumwambia mama. Nikamwambia kuwa mimi ndimi wa mwisho kustahiki, na kwa hiyo nitakwenda. Yule kijana wangu, ambaye sasa ajidunga insulini mwenyewe na amehamishiwa dawa nyengine, alisikia khabari hii kwangu akasema atafuatana nami, kwani yeye ataweza kumweleza yule dada juu ya njaa mambo ambayo mimi sitaweza. Tutakwenda Jumamosi baada ya Adhuhuri, naye amenionya nisimpelekee mtu yeyote mahamri.